Barua Isomwe Mama Akisikia

Mwalimu kijana, jirani yangu hapa Masumbwe, alikuja juzi mchana akanikuta barazani nimefumba macho. Sikuwa nimelala. Nilikuwa katika ile hali ya sisi wastaafu, usingizi uko mlangoni lakini haujapiga hodi, na mbele yangu walikuwa wanapita wanafunzi wangu wa miaka yote, wamevaa sare, miguu ina vumbi la Nyahanga, na hakuna aliyezeeka hata mmoja. Kijana akasema shikamoo Mwalimu, nikaitikia marahaba, nao wakatoweka.

Alikuwa na simu mkononi na furaha usoni. Mwanafunzi wake ameomba barua ya kumpendekeza chuoni, na siku hizi, aliniambia, huhitaji kuumiza kichwa: unaiambia simu jina la mtoto na kozi anayoitaka, yenyewe inaandika. Nikavaa miwani nikaisoma. Ilikuwa barua safi sana. Mtoto alikuwa hodari, mwaminifu, mwenye bidii, mwenye maono na kiongozi wa kuzaliwa.

"Anakaa dawati la wapi huyu?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Nadhani la nyuma, Mwalimu."

Sikumcheka, maana na mimi niliwahi kuwa simu ya namna hiyo kabla simu hazijaja. Lakini alipoondoka nilibaki na neno kooni, na kwa kuwa ninyi mnaoshika chaki sasa ni wengi kuliko ninavyoweza kuwaita barazani kwangu mmoja mmoja, nimeona niliandike. Mnisamehe nikirukaruka. Kumbukumbu zangu haziji kwa foleni.

Nilifundisha Baiolojia Kahama, shule ya kata upande wa Nyahanga, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Mimi ni Msumbwa wa Ushirombo. Kisukuma nilikikuta kwa mume wangu na kwa majirani, nikakiokota kidogo kidogo, na mpaka leo nikikizungumza wanawake sokoni hupeana ishara kwa macho. Hilo la Kisukuma changu kibovu lishikeni, maana kazi yangu yote ya barua ilisimama juu yake.

Aliyenifundisha kuziandika alikuwa mkuu wetu wa shule, Mwalimu Nkwabi, mtu mrefu, mpole, aliyependa ng'ombe kuliko mishahara. Alisema barua ya kumpendekeza mtoto ni kama kupeleka ng'ombe mnadani. Kama anapiga teke, sema anapiga teke. Mnunuzi akijua atajipanga, lakini akipigwa teke bila kuambiwa, msimu ujao hata ukileta ndama wa dhahabu hatasimama kwenye kamba yako. Na wanaoumia ni wale watoto wazuri utakaowaleta baadaye. Njia ya mwongo ni fupi, alisema, lakini kwa mwalimu ni fupi zaidi, kwa kuwa inaishia kwa mtoto wa mtu mwingine.

Mwalimu Nkwabi hakuweza kabisa kuandika asichokiona. Kuna kijana mmoja alimwomba barua, na kwa miaka minne mzee hakuwa ameona chochote kwake cha kusifia isipokuwa mezani. Akaandika kwamba kijana huyu anakula kwa adabu, hamwagi chakula, na huosha sahani yake na ya mwenzake bila kuambiwa. Sisi wengine ofisini tulicheka mpaka machozi. Kijana akaipeleka barua kwenye kambi moja ya wafanyakazi wa mgodi walikokuwa wanatafuta watu wa jikoni, akachukuliwa siku ileile. Mzee alitabasamu tu akaenda kumwangalia ndama wake nyuma ya maabara.

Mimi sikuwa hivyo mwanzoni. Niliandika barua tamu, zote zinafanana kama sare. Siku moja nikakutana na mama wa kijana mmoja sokoni, anauza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Akaniuliza ile karatasi niliyompa mwanawe inasema nini, kwa kuwa imeandikwa Kiingereza na mtoto naye haelezi vizuri. Nikaanza kumtafsiria kwa Kisukuma changu. Nikasema mtoto wako ni kiongozi, watu wanamfuata. Akauliza, "Wanamfuata wapi?" Nikasema ana bidii, huwahi kuliko wote. Mama akaacha kupima michembe. Akaniangalia kwa huruma, kama unavyomwangalia mtu aliyepotea stendi.

"Mwalimu," akasema, "huyo ni mtoto wa nani?"

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeaibika vizuri. Na jioni hiyo, jua likizama jekundu kwenye vumbi la pamba na ng'ombe wakirudi, nikajiwekea sheria ambayo sikuiacha mpaka nastaafu. Barua yoyote nitakayoandika nitaisoma kwa sauti kabla ya kuifunga, mtoto akiwepo na mzazi wake akiwepo, kwa lugha ya nyumbani kwao. Neno ambalo siwezi kulisema kwa Kisukuma mbele ya mama yake, halikai. Mtajaribu wenyewe muone. Maneno makubwa ya Kiingereza yakifika kwenye Kisukuma yanavuliwa koti, na mama anauliza lini, wapi, nani aliona. Hakuna mkaguzi wa elimu aliyewahi kunikagua hivyo.

Sheria nyingine zilifuata zenyewe. Kama simjui mtoto, namwambia simjui, na namwelekeza kwa anayemjua. Kuna mmoja alinuna, akasema, "Mwalimu, unanibania." Nikamwambia ninachokijua kwako ni mgongo tu, ukiruka ukuta. Aende kwa mwalimu wa michezo anayejua anarukia wapi. Alikwenda, akapata barua nzuri na ya kweli, na tuliendelea kusalimiana.

Na kama mtoto hataki jambo fulani liwemo, na mimi naona bila hilo barua inadanganya, basi siandiki kabisa. Siandiki nusu. Ana haki ya kutafuta mwalimu mwingine na simsemi popote.

Kuhusu kuku. Mnajua kwetu huwezi kwenda kumwomba mtu jambo mikono mitupu, na kukataa kuku wa mtu ni kumtukana na ukoo wake. Mimi nilisema kuku anayekuja kabla ya barua anarudi na aliyemleta. Anayekuja baada ya majibu, mazuri au mabaya, anapikwa na tunamla pamoja. Baba mmoja aliniletea jike jekundu mapema, nikakataa, akakataa kukataliwa, tukavutana kwa heshima mlangoni mwa ofisi ya walimu mpaka kamba ikakatika. Kuku akaingia chini ya kabati. Alikaa nasi muhula mzima. Akawa anataga kwenye boksi la chaki na walimu wote tunayatazama yale mayai, kila mmoja anamwogopa mwenzake, hakuna anayethubutu kukaanga. Mwishowe yaliangulika, na vifaranga wakatembea darasani kidato cha pili wakati nafundisha uzazi wa ndege.

Sasa nifike kwa Kabula, ambaye kila nikifumba macho mchana ndiye huja wa mwisho, akitembea taratibu, mikono imelowa mpaka kwenye viwiko.

Alikuwa anakaa kwa shangazi yake Nyahanga. Mama yake alihamia huku upande wa Masumbwe, kwenye mialo, pale wachimbaji wadogo wanapooshea udongo wenye dhahabu. Wanawake wengi hufanya kazi hiyo, wanaponda mawe, wanaosha, wanalipwa kidogo, wanarudi kesho. Kabula alipokuwa kidato cha tatu, mama yake alianguka akavunjika mkono. Pale mwaloni ukiondoka, nafasi yako inachukuliwa na mwingine kabla maji hayajakauka. Kabula akafunga vitabu vyake kwenye kanga akaenda kuishika nafasi ya mama yake. Dawati lake likabaki tupu sehemu kubwa ya muhula.

Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa darasa. Nilipanda basi nikaenda kumtafuta, nikiwa na hasira zangu zote nimezipanga. Nilifika mchana, joto limesimama, vumbi jeupe la mawe limefunika miti na nywele za watu, kila mtu anafanana na kila mtu, na sauti za kuponda zinakuja kwa pamoja kama mvua ya mbali kwenye bati. Nilimwona kabla hajaniona. Nikakaa kwenye jiwe. Nilikuja kukaripia, lakini nikakaa tu pale nikimtazama, na sijui ilikuwa muda gani.

Alikuwa ameinama kwenye karai. Jirani yake mwanamke mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, na akawa anachoma zebaki kwenye jiko la mkaa ili ibaki dhahabu. Moshi ule haufai, ninyi mliosoma mnajua. Kabula akanyanyuka, akajipangusa mikono, akamwambia, "Dada, nipe huyu nimnyooshe miguu." Akamchukua mtoto, akaenda naye upande unakotoka upepo, akasimama huko mpaka moshi ukaisha, akamrudisha, akainama tena kwenye karai lake. Hakuhubiri. Akaja mwingine na mtoto wake, akachoma, Kabula akanyanyuka tena. Nikagundua kwamba wale wanawake walishazoea. Mmoja alimpa mtoto hata kabla hajaomba.

Kisha akaniona. Akapiga goti palepale kwenye tope. "Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kabula, shule?"

"Mama akipona mkono narudi, Mwalimu. Mmefika wapi Baiolojia?"

"Kwenye figo."

"Basi msiende mbali," akasema.

Alirudi, kweli. Alisoma kwa daftari za wenzake, akamaliza kidato cha nne na matokeo ya kumtosha kuomba uuguzi. Na hapo ndipo shida ilipoanza. Ada ilikuwa haiwezekani, lakini kulikuwa na nafasi ya ufadhili kwa msichana mmoja, na wafadhili walitaka barua ya mwalimu wa darasa ieleze tabia na mahudhurio. Neno mahudhurio lilikuwa limeandikwa wazi. Bila ufadhili ule, Kabula angerudi mwaloni, na hakuna aliyejidanganya kuhusu hilo, si yeye, si mama yake, si mimi.

Niliandika nilichokiona. Niliandika kwamba alikosa sehemu kubwa ya muhula kwa sababu alishika kazi ya mama yake aliyeumia, na nikaandika kuhusu watoto na moshi. Wakaja nyumbani kwangu Nyahanga kusomewa. Mama Kabula alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, mkono wake umepona lakini umepinda kidogo. Nikasoma sentensi moja moja na kuigeuza Kisukuma, na alinisahihisha mara mbili kwa upole. Nilipofika pale pa mwalo akaweka mkono wake mzima mkekani.

"Mayu, hapo paondoe," akasema, akiniita mama. "Watu watajua nilimtoa mtoto shule."

"Hukumtoa, mama. Alikuja mwenyewe."

"Ni kitu kimoja. Watasema mama wa namna gani. Andika mengine yote, hapo paondoe."

Nilimweleza sheria yangu. Nilimweleza kwamba wakiuliza mahudhurio na mimi nikae kimya, nitakuwa nimedanganya kwa kinywa kilichofungwa. Alisikiliza akiangalia mkeka. Nikamgeukia Kabula, kwa kuwa barua ilikuwa yake, nikamwambia akisema isiandikwe, siandiki, na nitamwelekeza kwa mwalimu mwingine. Nje kulikuwa na watoto wanaimba wakirudi kuteka maji, na wimbo wao ukapita dirishani ukaenda zake.

"Iende hivyohivyo, Mwalimu," akasema, bila kumtazama mama yake.

Ikaenda. Na Kabula hakuchaguliwa.

Sijui kama ni kwa sababu ya barua yangu. Wafadhili hawasemi sababu. Lakini Mama Kabula aliijua sababu, au alidhani anaijua, na kwake ilikuwa mimi. Kabula akarudi kwenye karai. Mwaka ule mama yake akija Nyahanga kumsalimia wifi yake alipita mlangoni kwangu bila hodi. Nilimsalimu siku moja sokoni kwa Kisukuma, mwadila mayu, akaitikia kwa kuwa adabu haimruhusu kunyamaza, akaendelea na njia yake. Iliniuma, vijana wangu. Nilifundishwa kwamba ukisema kweli utalala usingizi, lakini mwaka ule sikulala vizuri. Nilimwona yule binti kwenye vumbi jeupe kila nilipofumba macho, amebeba mtoto wa mwenzake, anasubiri upepo, na mimi nimekaa kwenye jiwe langu na sheria zangu.

Mwaka uliofuata nafasi ikatangazwa tena. Kabula akaja kuomba barua. Nilimwambia yupo mwalimu mpya, mzuri, anaweza kumwandikia. Akasema, "Hapana. Yeye hajaniona."

Basi nikaandika. Na nitawaambia nilichofanya. Ile sehemu ya mwalo sikuiweka. Nilisema ana huruma, nilisema ni mwerevu, nilisema alimaliza vizuri licha ya magumu, neno ambalo halisemi chochote. Nilijiambia mama mtu ameumia vya kutosha, na binti ameumia vya kutosha, na mimi ni nani.

Wakaja wote wawili. Sikutegemea mama angekuja. Alikaa kwenye mkeka uleule, upande wa ukuta, mkono uliopinda umelala mapajani. Mchana ulikuwa mzito, mawingu yamekusanyika upande wa Buzwagi lakini hayanyeshi, na chumba kilikuwa na ule mwanga wa manjano unaofanya kila kitu kionekane kimetokea zamani. Nikasoma. Nikageuza Kisukuma. Mama hakuuliza lini wala wapi. Hakunisahihisha hata nilipokosea. Nikafika mwisho, nikaanza kukunja karatasi.

"Umeruka," akasema.

Nikajifanya sikusikia vizuri.

"Umeruka mahali, Mwalimu. Pale pa mwalo." Akainua uso. Na yeye, asiyejua kusoma, akaanza kuisema ile barua ya mwaka uliopita kwa Kisukuma, neno kwa neno, na kilikuwa Kisukuma kizuri, si kile changu. Akasema jinsi binti alivyoinama kwenye karai. Akasema jinsi alivyojipangusa mikono kabla ya kumshika mtoto, jambo nililokuwa nimeliandika na kulisahau. Akasema alivyosimama upande unakotoka upepo. Kabula alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamdondoka kwenye kanga na hayafuti.

"Nani alikufundisha yote hayo, mama?" nikauliza.

"Huyu. Alikuwa na nakala. Nilimwambia anisomee tena ile barua iliyotuharibia, nijue ilituharibia wapi. Akanisomea mara nyingi. Nikawasimulia wenzangu kule mwaloni, nikitaka wanihurumie. Wakaanza kunitajia watoto wao. Huyu alimbeba, na huyu alimbeba. Mimi wakati ule nilikuwa nimelala ndani na mkono wangu. Sikumwona. Wewe ndiye ulimwona."

Niliona aibu na furaha kwa pamoja, na sijawahi kuzipata hizo mbili kwa siku moja tena.

"Hayo uliyoandika leo," akasema, "ni ya mtoto yeyote. Mtoto wangu yuko pale uliporuka."

Nilichana ile karatasi. Nikaleta nyingine, nikakaa nao chini mkekani, nikaandika upya, na safari hii niliisoma kwa sauti kila sentensi kabla ya kuiweka. Tulipofika kwenye mwalo, Mama Kabula akaninyooshea mkono wake uliopinda, akauweka juu ya karatasi ili nisiendelee.

"Andika na jina langu hapo," akasema. "Andika kwamba mkono uliovunjika ulikuwa huu, na kwamba mama yake ndiye ameomba iandikwe."

Nikaandika hivyo, kwa Kiingereza, na chini yake kwa Kisukuma. Kwa barua hiyo Kabula alipata ufadhili, akapokelewa chuoni.